Damu na viungo vinavyotolewa: zawadi hupotea wapi, na tufanye nini huku Beni na Butembo



Tunapotangaza kanisani kwamba kuna mgonjwa anayehitaji damu, watu hujitokeza. Kwa hilo tunamshukuru Mungu. Lakini waamini wachache huuliza swali linalofuata: damu ikishatoka mkononi mwa mtoaji, inapita wapi, na ni kiasi gani kinachofika kweli katika mwili wa mgonjwa? Makala hii inajaribu kujibu swali hilo. Tutaanza na viungo vya mwili, yaani figo, ini na moyo, kwa sababu huko ndiko wataalamu wamehesabu upotevu kwa uangalifu zaidi. Kisha tutarudi kwenye damu, ambayo ndiyo zawadi ya mwili tunayoitoa na kuipokea hapa kwetu kila siku.

Viungo havingoji

Kupandikiza kiungo kulifanikiwa kwa mara ya kwanza mjini Boston, Marekani, tarehe 23 Desemba 1954. Daktari Joseph Murray alichukua figo moja ya Ronald Herrick na kuiweka kwa pacha wake Richard, na Richard akaishi. Huku Afrika jina linalojulikana zaidi ni la Christiaan Barnard, aliyepandikiza moyo wa kwanza wa binadamu katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Moyo huo ulitoka kwa binti Denise Darvall aliyegongwa na gari, na baba yake ndiye aliyekubali utolewe. Louis Washkansky, aliyeupokea, aliishi siku 18 tu. Watu wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii. Wanasahau kwamba figo ya Denise ilipewa mtoto wa kiume wa miaka 10, na mtoto huyo hakuwa mzungu, katika nchi iliyokuwa ikiwatenga watu kwa rangi hata katika vyumba vya hospitali. Mtoaji alikuwa mmoja, na waliopokea walikuwa zaidi ya mmoja.

Kiungo kikishatolewa, saa inaanza kuhesabu. Moyo uliowekwa kwenye baridi hudumu kama saa 4 hadi 6. Ini hufika kama saa 12. Figo huvumilia zaidi, saa 24 na hata 36. Muda huo ukipita, zawadi imeharibika, hata kama mtoaji alikuwa kijana mwenye afya na mgonjwa alikuwa akingoja miaka mingi.

Lakini muda siyo sababu pekee, na pengine siyo kubwa. Mwaka 2019 watafiti walilinganisha Marekani na Ufaransa kwa kipindi cha 2004 hadi 2014. Marekani ilitupa asilimia 17.9 ya figo zilizotolewa kwa watu waliokufa, na Ufaransa asilimia 9.1. Tofauti haikuwa katika ujuzi wa mikono. Madaktari wa Ufaransa walikubali kutumia figo za wazee, wakazipa mara nyingi wagonjwa wazee, kwa kuona kwamba figo itakayofanya kazi miaka michache bado ni bora kwa mtu wa miaka 70 kuliko kuendelea kusafishwa damu kwa mashine. Watafiti wakahesabu kwamba zaidi ya figo 17,000 zilizotupwa Marekani zingetumika kama zingekuwa Ufaransa. Utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kwamba figo zilizotolewa mwisho wa juma zilitupwa zaidi kuliko za siku za kazi. Figo ya Jumamosi si mbaya kuliko ya Jumanne. Kilichopungua ni watu kazini.

Karibu nasi, upandikizaji wa figo unafanyika: hospitali ya Muhimbili huko Dar es Salaam ilianza mwaka 2017, hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata mwaka 2018, na Mulago ya Kampala ikaanza mwaka 2023, mwaka uleule Uganda ilipopata sheria yake ya utoaji wa viungo. Katika hospitali hizo figo hutoka kwa ndugu aliye hai, kwa hiyo haisafiri mbali. Hapa upotevu una sura nyingine, na wachungaji tunapaswa kuujua. Aliyepokea figo humeza dawa maisha yake yote ili mwili usiikatae. Familia zetu hukusanya dola kwa ajili ya safari ya Kampala au India na kwa ajili ya upasuaji, kanisa linachanga, mgonjwa anarudi tunaimba. Halafu mwaka wa pili pesa za dawa zinakwisha, na figo ya ndugu inakufa polepole ndani ya mwili. Familia inapokuja kuomba mchango wa upandikizaji, swali la kwanza la kamati ya matendo ya huruma liwe hili: dawa za miaka 5 zitalipwa na nani? Ni swali gumu kumwuliza mtu anayelia, lakini lisipoulizwa, ndugu wawili watabaki na makovu na hakuna aliyepona.

Damu ya Beni na Butembo

Sasa tuje nyumbani. Watu wawili ndio wanaohitaji damu zaidi huku kwetu: mtoto wa chini ya miaka 5 ambaye malaria imekula damu yake, na mama anayetokwa na damu wakati wa kuzaa. Kwa bahati mbaya katika miaka hii ameongezeka wa tatu, yaani mtu aliyejeruhiwa kwa panga, kwa risasi au kwa bomu. Tangu Oktoba 2014 mauaji hayajaacha wilaya ya Beni, kuanzia Oicha na Eringeti hadi barabara ya Kasindi. Tarehe 15 Januari 2023 bomu lililipuka katika kanisa la CEPAC huko Kasindi, watu wakiwa katika ibada ya ubatizo. Zaidi ya watu 10 walikufa na makumi walijeruhiwa. Siku kama hiyo hakuna nafasi ya kutafuta mtoaji, kumpima, kungoja labo. Damu inayookoa majeruhi ni ile iliyokuwa tayari ndani ya frigo tangu jana.

Ndiyo maana kila mfuko unaopotea una uzito. Tuufuate mfuko mmoja, yaani poshi kama wengi wanavyosema, tuone unapitia wapi.

Mtoaji anapaswa kuwa na umri wa miaka 18 au zaidi, uzito wa kilo 50 au zaidi, na damu ya kutosha mwilini. Anatoa kama mililita 450. Ndani ya mfuko kuna dawa inayozuia damu isigande na inayoilisha. Kwa mifuko iliyo ya kawaida huku, damu nzima hudumu siku 35 ikikaa kati ya digrii 2 na 6. Ikiganda kwa baridi nyingi, imekufa. Ikipata joto, vijidudu vinaweza kukua ndani yake na kumwua mgonjwa. Kwa hiyo upotevu wa kwanza ni wa frigo. Umeme ukikatika usiku, jenereta ikakosa mafuta, frigo ikiwa ya nyumbani iliyotengenezwa kwa maziwa na soda, asubuhi mkuu wa labo hana njia ya kujua damu ilipata joto kiasi gani, na kama ana dhamiri ataitupa. Frigo ya sola iliyotengenezwa kwa damu ni ghali, lakini hushika baridi hata jua likikosekana kwa muda. Mkikutana na mfadhili anayetaka kuacha kumbukumbu katika hospitali ya jumuiya, mwambieni habari ya frigo hiyo kabla ya kumwonyesha ukuta wa kupaka rangi.

Upotevu wa pili ni wa vipimo. Kila mfuko unapimwa ukimwi, hepatiti B, hepatiti C na kaswende. Ukionekana na ugonjwa, unateketezwa. Huo hatuwezi kuuita uharibifu, na nchi yetu ililipa sana kabla ya kujifunza. Katika miaka ya 1980, kule Kinshasa, watafiti katika hospitali ya Mama Yemo walionyesha kwamba watoto wengi waliokuwa wameongezewa damu kwa sababu ya malaria walipata virusi vya ukimwi kwa njia hiyohiyo ya damu. Mtoto aliponywa malaria na kupewa ukimwi siku moja. Basi mtu asimsukume muuguzi aruke vipimo kwa sababu mgonjwa ni wa mchungaji au wa mkubwa fulani.

Hata hivyo mifuko mingi inayoteketezwa ingeweza kuzuiwa kabla ya sindano. Shirika la Afya Duniani (OMS) linashauri damu itoke kwa watu wanaojitolea kwa hiari, bila malipo, na kwa kurudia. Sababu yake si maadili matupu. Mjomba aliyeletwa mbio na familia saa 4 za usiku hawezi kukiri mbele ya shemeji zake maisha anayoishi, atajibu hapana kwa kila swali. Anayelipwa atasema uongo kwa ajili ya franga. Lakini anayerudi mara ya nne amepimwa mara tatu, anajua hali yake, na anajua kwamba akiwa na shaka anaweza kukaa nyumbani bila aibu. Hapa kanisa lina kazi isiyofanywa na labo: kumfundisha mtu kwamba kusema "wiki hii siwezi kutoa" ni utumishi pia, na kutomtazama vibaya anayerudishwa.

Upotevu wa tatu ni wa makundi. Karl Landsteiner, ambaye siku yake ya kuzaliwa, 14 Juni, ndiyo siku ya watoaji damu duniani, alitambua makundi ya damu mwanzoni mwa karne iliyopita. Kundi O ndilo la watu wengi kwetu, na ndilo linaloombwa zaidi. AB ni la wachache. Kampeni isiyochagua hujaza frigo kwa mifuko ya AB itakayofika siku ya 35 bila mgonjwa, huku O ikikosekana tangu wiki ya kwanza. Mtu wa AB asijione hafai. Aandikwe katika daftari na namba ya simu, aitwe siku anayotafutwa.

Upotevu wa nne haujulikani sana nje ya hospitali, nami nauona kuwa wa kusikitisha kuliko yote. Mtoto wa kilo 10 huhitaji mara nyingi kama mililita 200 za damu nzima. Mfuko una 450. Ukishafunguliwa na kutundikwa, unapaswa kumalizika ndani ya saa 4, na kinachobaki kinatupwa. Nimesimama kando ya kitanda cha mtoto katika hospitali moja ya eneo letu, muuguzi akiutoa mfuko uliobaki zaidi ya nusu, na chumba cha pili kulikuwa na mtoto mwingine wa kundi lilelile. Sheria ilimzuia kuusogeza, na sheria ilikuwa sawa. Dawa ya tatizo hilo iko mwanzoni: kuna mifuko iliyounganishwa kwa mirija, mmoja mkubwa na midogo miwili au mitatu, inayowezesha damu ya mtoaji mmoja kugawanywa ikiwa bado imefungwa. Bei yake ni kubwa kuliko ya mfuko wa kawaida. Lakini gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na kumtafuta mtoaji wa pili usiku wa manane, wakati wa amri ya kutotembea.

Jambo la tano linawahusu madaktari, nami nalitaja kwa unyenyekevu. Damu hupotea pia inapopewa asiyeihitaji. Utafiti uliofanywa Uganda na Malawi na kutangazwa mwaka 2019 uliwafuata watoto 1,565 waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu lakini bila dalili za hatari kama kuhema kwa shida au kupoteza fahamu. Wengine waliongezewa mara moja, wengine walichungwa kwa karibu na kuongezewa ikiwa tu hali ilibadilika. Baada ya siku 28 vifo havikutofautiana. Karibu nusu ya waliochungwa waliishia kupewa damu, na wengine hawakuihitaji kabisa. Neno la kushika hapo ni "kuchungwa". Mahali ambapo muuguzi mmoja ana vitanda 40 usiku, kungoja kunaweza kuwa kumtelekeza mtoto. Basi wazazi wasikasirike daktari akisema tungoje, ila wamwulize nani atamwangalia mtoto na kila baada ya saa ngapi.

Baridi iliwezekana

Wengine husema: mchungaji, haya ni ya Ulaya, huku hakuna umeme wala barabara. Nawakumbusha Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kuanzia Mangina, ukatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Chanjo iliyotumika ilipaswa kukaa kati ya digrii 60 na 80 chini ya sifuri. Ilifika Mangina, ilifika Katwa, ilifika vijiji ambako hata piki-piki hupita kwa shida, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Kama baridi ya namna ile iliwezekana, digrii 4 za frigo ya damu haziwezi kutushinda. Wakati ule dunia nzima ilikuwa inaogopa, na pesa zikapatikana. Malaria haimwogopeshi mtu wa mbali.

Kuna habari nyingine ya wakati ule ambayo makanisa yetu hayajaisimulia vya kutosha. Mojawapo ya dawa mbili zilizoponya wagonjwa hapa Beni, ile iitwayo mAb114 au Ebanga, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Miaka mingi baada ya kupona, mtu huyo alikubali kutolewa damu, profesa Muyembe na watafiti wenzake wakaitunza na kutafuta ndani yake kinga iliyomwokoa. Mnamo Agosti 2019, baada ya majaribio yaliyofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ilitangazwa kwamba dawa hiyo inapunguza vifo. Damu ya mtu wa Bandundu iliyotunzwa vizuri imeponya mama wa Kalunguta.

Maswali yanayoulizwa kanisani

"Damu yetu inauzwa." Swali hili limeongezeka tangu siku za Ebola, na halijibiwi kwa kukemea. Damu yenyewe haina bei, lakini mfuko, vipimo, frigo na mshahara wa labo vina bei, na mahali pasipo msaada wa serikali gharama hiyo humwangukia mgonjwa. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa Januari 2025, kila kitu kilichozoea kutoka Goma kimekuwa kigumu kufika. Hospitali ibandike karatasi ukutani inayoonyesha familia inalipia nini. Wasipofanya hivyo, wanaosema damu inauzwa wataendelea kuaminiwa, na wana haki ya kuuliza.

"Biblia inakataza damu." Walawi 17 na Matendo 15 vinazungumza juu ya kula damu ya mnyama aliyeuawa. Anayetoa damu hospitalini anabaki hai, mwili wake unajaza tena alichotoa. Sioni namna ya kusoma sura hizo kwa uaminifu na kumnyima damu mama anayekufa kitandani mwa uzazi.

Kalenda badala ya siku kuu

Makanisa yetu hupenda siku moja kubwa. Pasaka, au jubile ya parokia: kwaya, ngoma, na watu 150 wanatoa damu pamoja. Picha ni nzuri. Lakini labo inayoweza kupima mifuko michache kwa siku inalemewa, frigo inajaa, na baada ya siku 35 sehemu ya zawadi hiyo inachomwa kimyakimya. Mwezi wa tatu frigo ni tupu, na waliotoa hawajafikisha muda wa kutoa tena. Ningependa viongozi wasikie jambo hili kuliko mengine yote niliyoandika. Katika Yohana 6, Yesu hakuridhika kwamba watu wameshiba. Aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, na mtu fulani ilimbidi kubeba vikapu. Kazi ya vikapu haina picha nzuri.

Hesabu ni rahisi. Mwanaume anaweza kutoa kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Miezi 3 ni wiki 13. Parokia 13 za mji mmoja, ziwe za CBCA, CECA 20, CEBCE au CEPAC, zikishika zamu ya wiki moja moja, kila parokia itaitwa tena wakati wanaume wake wako tayari kutoa. Kina mama watoe katika zamu moja na kuruka moja. Watoaji 10 tu kwa wiki wanaipa labo nafasi ya kupima vizuri, na mifuko inaingia kadiri ile ya zamani inavyotoka. Siku inayofaa inategemea labo. Sisi tumezoea Jumapili baada ya ibada, kumbe pengine labo inafungwa siku hiyo na damu inakaa bila kupimwa hadi Jumatatu.

Daftari la parokia liwe na jina, kundi, simu na tarehe ya mwisho ya kutoa, basi. Matokeo ya vipimo yasiandikwe humo kamwe, wala yasipitie kwa mchungaji. Labo inazungumza na mtoaji peke yake. Mahali ambapo siri ya mtu mmoja ilivuja, parokia nzima iliacha kutoa.

Parokia inayotaka kuanza isipange tarehe kwanza. Mchungaji na mzee mmoja wa kanisa waende kwa mkuu wa labo wa hospitali ya zoni yao ya afya, wamwulize mambo matatu: frigo yake inabeba mifuko mingapi, vipimo alivyonavyo vinatosha wiki ngapi, na ni kundi gani lililomkosekana mwezi uliopita. Waandike majibu, kisha warudi kwa washarika.